Jina la Mzee Kabeya

Mzee Kabeya aliletwa Kolwezi kutoka Kasai akiwa kijana, kuchimba shaba, na shaba ikamchimba yeye mpaka mapafu yakabaki vumbi tupu. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Wanawe alikuwa akiwaambia jambo moja, tena wakiwa wanakula, ili lishuke pamoja na bukari, ule ugali wa kwao: "Shimo inikule miye. Isikule nyinyi."

Kwa mkubwa, Tshimanga, dua hiyo ilisikika nusu. Mapadri walimfundisha hesabu, kampuni ikampeleka kozi, akarudi kuwa fundi wa programu katika ofisi yenye ubaridi wa mashine, mahali ambapo mtu anaweza kufanya kazi mwaka mzima bila kuchafua kola. Kwa mdogo, Badibanga, haikusikika kabisa. Yeye aliendesha pelle, ile mashine kubwa ya kuchota mawe, chini kabisa ya shimo, chini ya ukuta wa kaskazini. Ndivyo ilivyo kambini: nyumba moja inatoa kola nyeupe na ovaroli, na zote zinafuliwa na mama mmoja katika beseni moja.

Kazi ya Tshimanga inahitaji kuelezwa, maana bila hiyo msiba huu haueleweki, na mimi sipendi misiba isiyoeleweka. Programu haiandikwi kama barua, kutoka juu mpaka chini. Inaandikwa vipande vipande, na kila kipande kina kazi yake na jina lake. Kila kimoja kinatobolewa kwenye kadi, kinageuzwa peke yake kuwa lugha ya mashine, kisha kinawekwa katika ghala moja la vipande ambalo mafundi wote wanachangia. Halafu unakuja ushonaji. Kuna programu nyingine, wao wakiiita liaison, ambayo inasoma kipande kikuu, inakuta kimeandikwa "hapa mwite fulani", inakwenda ghalani kumtafuta fulani na kumshona mahali pake. Fulani asipopatikana, liaison inapiga kelele: jina hili silijui. Hapo programu haishoneki, na asiyeshonwa haendi kazini.

Lakini liaison haijui kazi ya mtu. Inajua jina tu. Ukiita jina, inakuletea wa kwanza anayeitika, hata awe mwizi.

Tshimanga alikuwa bingwa wa kelele hizo, na alijua kwamba ni bingwa, na alipenda wengine wajue. Programu ya mwenzake ikikataa kushonwa, alikuja na kikombe chake cha chai, akakaa pembeni ya meza, akasema "Tuone", kama daktari anayeinua shuka. Aliyekuwa akimvumilia kuliko wote ni Mwenze, wa meza ya jirani. Mwenze alitoka kaskazini ya Katanga, akafika Kolwezi kusoma bila hata shangazi wa kumpa mkeka. Mzee Kabeya ndiye aliyemchukua. Miaka yote ya shule Mwenze alilala chumba kimoja na Tshimanga na Badibanga, akala nao sombe, mboga ya majani ya muhogo, katika sahani moja, na mzee alipomchapa Tshimanga alimchapa na Mwenze, ili asijione mgeni.

Kisha ukaja mwaka ule wa majina. Nchi ilikuwa imekwisha kuitwa Zaïre, na sasa ikawa zamu ya watu. Stanislas, ambalo padri alimpa Tshimanga pamoja na chumvi na maji, likafutwa ofisini. Laurentine wa chumba cha kutoboa kadi akaambiwa sasa ni Mbelu, kama bibi yake, na kwa muda mrefu ukimwita Mbelu alikuwa anageuka nyuma kutazama anaitwa nani. Watu walicheka, wakazoea. Mwafrika amevuliwa mengi, jina la padri si kitu.

Tatizo ni kwamba Chama kilichotawala nchi kiligundua kuwa ndani ya mashine mlikuwa bado mna Wakristo. Programu za zamani zilikuwa zimeandikwa na Mbelgiji mmoja, Louis, aliyekwisha rudi kwao, naye alivipa vipande majina ya watakatifu wake: Agathe, Joseph, na jamaa zao. Mukalay, mkuu wa ofisi, alikuwa pia mtu wa kamati ya Chama kazini. Akasimama mbele ya mafundi akiwa amefungwa abacost, lile koti la Chama lisilo na tai, mpaka kooni.

"Bacitoyens," alisema, yaani wananchi, "mashine ya Zaïre haiwezi kubeba Babelgiji mu tumbo. Kila mutu atie ku bipande yake majina ya bankambo yetu. Letre sita, isipite, juu mashine haina koo kubwa."

Bankambo ni mababu, na letre ni herufi. Hakuna aliyecheka. Wakati ule watu walikuwa wamejifunza mahali pa kucheka.

Majuma yaliyofuata yalikuwa ya kelele. Programu moja ilimwita Agathe, na Agathe hayupo tena, ameshakuwa mtu mwingine. Liaison ikapiga kelele asubuhi, ikapiga kelele mchana. Tshimanga alikimbia kutoka meza hadi meza, akibadilisha kadi, akishona upya, mpaka siku moja programu zote zikapita bila neno.

"Njo vile!" alisema Mukalay akisugua mikono. "Imenyamaza."

Kimya kingi kina mshindo mkuu, walisema wahenga. Lakini wahenga hawakuwa na kibali cha kuingia chumba cha mashine.

Katikati ya kelele hizo mzee Kabeya alikufa. Alikufa kama wachimbaji wanavyokufa, ameketi, maana akilala hewa ilikuwa haipiti. Kwao mtu akifa jina lake hupewa mtoto, nalo halitangazwi mpaka siku ya kuondoa matanga, ndipo aliyelichukua anakuja na kitambaa na kusema mbele ya mjane: mimi ninalo. Nyumbani kwa Tshimanga hapakuwa na mtoto mchanga wa kulipokea. Akarudi kazini akiwa na majonzi yake, akakuta kwenye meza zile kadi za Agathe, ambazo bado hazijapewa jina. Agathe ndiye aliyekuwa anapima kuta za shimo. Wapimaji walileta kila asubuhi vipimo vya alama walizopigilia ukutani, Agathe akalinganisha vya leo na vya jana, akasema kila alama imesogea kiasi gani. Kama ukuta unasogea, watu hawateremki.

Tshimanga aliona hapana mahali pazuri kuliko hapo. Mzee aliyetaka shimo lisile watoto, basi akae pale alinde. Herufi zake zilikuwa sita kamili. Akaandika KABEYA, machozi yakamtoka mbele ya Mbelu wa kutoboa kadi, na hakumwambia mtu.

Mvua za mwaka ule zilikuwa mbaya. Barabara ya Mutoshi ilikatika, maji yakaingia shimoni kuliko pampu zilivyoweza kuyatoa, na wapimaji wakaongeza alama mpya kwenye ukuta wa kaskazini. Programu ya kuta ikabidi iongezwe na kushonwa upya. Tshimanga akaishona. Liaison haikusema neno. Karatasi zikatoka kila asubuhi zikisema ukuta haujasogea, mkuu wa shimo akazitazama, akawateremsha watu.

Siku moja adhuhuri Badibanga alipita nyumbani kwa kaka yake kabla ya kuingia zamu ya mchana. Hakukaa. Alisimama mlangoni, ovaroli likichuruzika maji, akamwita yaya, yaani kaka mkubwa.

"Yaya, ukuta ya kaskazini iko natembea."

"Nani alisema?"

"Macho yangu. Ile ufa ya juu, juzi niliingiza mukono. Jana niliingiza bega. Na mawe kidogo kidogo iko naanguka hata kama mvua imekatika. Bantu bote banaona. Lakini banatuambia karatasi yenu inasema hapana." Akapangusa uso. "Mi nataka niende ku dispensaire, niseme tumbo iko nauma. Leo tu."

Tshimanga alikuwa na kijiko mkononi. Alichoka, alikuwa amelala vibaya, na zaidi ya hayo aliguswa mahali pake pabaya. Mtu akisema mashine imekosea, Tshimanga alisikia ametukanwa yeye.

"Utadanganya kampuni juu ya mawe kidogo? Bakufukuze, na mama akule nini? Mashine haiwezi kudanganya, Badibanga. Ile hesabu ya ukuta ni miye nilifanya. Na mikono yangu."

"Na mikono yako, yaya?"

"Na mikono yangu."

Badibanga alimtazama kidogo, kisha akatabasamu kama mtu aliyetuliwa mzigo.

"Basi kama ni weye, naenda."

Akaenda. Hakuna la kuongeza hapo. Mimi nimejaribu mara nyingi kuona kama katika maneno hayo palikuwa na mlango mwingine wa kutokea, na mlango sijauona.

Tshimanga alirudi ofisini, na mvua ikarudi pamoja naye. Karatasi ya asubuhi ilikuwa bado juu ya meza. Alama zote za ukuta wa kaskazini: sifuri. Akachukua ya jana: sifuri. Ya juzi: sifuri. Alikuwa amezitazama karatasi hizo kila siku na kufurahi. Sasa akazitazama tena kwa shaka, maana hata ukuta wa kanisa hautulii namna ile baada ya mvua. Ukuta wa udongo unapumua. Leo unashuka upana wa ukucha, kesho unarudi nusu yake. Sifuri tupu, siku baada ya siku, si ukuta uliotulia. Ni mpimaji asiyetazama.

Alitengeneza kadi za uongo, akaandika kwamba alama moja imesogea shubiri nzima. Akaziingiza. Mashine ikafikiri, ikaandika: sifuri.

Akachukua kadi zake za KABEYA, akazisoma moja moja kwa kidole. Hesabu ilikuwa sahihi. Alisoma tena, ikawa sahihi tena. Hapo ndipo alipofanya jambo ambalo fundi halifanyi mpaka amekosa la kufanya. Aliingia katika ghala la vipande, akamtoa Kabeya wake kabisa, akaagiza programu ishonwe bila yeye. Sasa liaison lazima ipige kelele. Lazima iseme jina hili silijui.

Liaison haikusema neno. Ikashona mpaka mwisho, programu ikasimama tayari kwa kazi.

Tshimanga aliketi. Alimtoa baba yake nyumbani kwa mikono yake, akaita jina, na ndani ya nyumba mtu mwingine akaitika.

"Nani alitia Kabeya mu mashine?" aliuliza, na sauti ilitoka kubwa kuliko alivyotaka. "Nani alitia Kabeya ingine?"

Mafundi wakainua vichwa. Mwenze alisimama polepole, na uso wake ulikuwa na haya, haya nzuri, ya mtu aliyekamatwa na zawadi mgongoni.

"Ni miye, yaya. Nilitaka ujue siku ya kutosha kilio. Kitambaa nilikwisha kuuza." Kwa Kolwezi kuuza ni kununua pia, na kutosha ni kuondoa. "Mi sikukuwa na kitu ya kumupa muzee. Kazi tu. Nilitia jina yake ku Joseph."

Joseph alikuwa kipande cha malundo. Alipima malundo ya mawe yaliyochimbwa, ya jana na ya leo, akasema yamekua kiasi gani. Lundo la mawe halina siri: likishuka shubiri moja au mbili hakuna anayejali, kwa hiyo Joseph alifundishwa kutupa tofauti ndogo na kuandika sifuri. Alipokea vipimo viwili na kurudisha kimoja, sawasawa na Agathe, ndiyo maana mashine haikujikwaa. Nalo jina lake jipya liliingia ghalani kabla ya la Tshimanga, kwa hiyo liliitika kwanza. Tangu siku kadi za Agathe zilipopewa jina hilo, ukuta wa kaskazini ulikuwa unapimwa kama lundo.

Wana wawili walimpenda mzee mmoja, kila mmoja akamheshimu kimya kimya, kwa adabu zote za kwao. Kosa lilikuwa hilo.

Hawakuwa na nafasi ya kulizungumza. Mwenze aliona uso wa mwenzake akaelewa, maana naye alikuwa fundi, na ile haya nzuri ikamtoka usoni kama imefutwa kwa kitambaa. Wakaliondoa jina kwenye kipande cha malundo, wakamrudisha Kabeya wa ukuta, wakashona, wakaingiza vipimo vya asubuhi. Mashine iliandika mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Alama zote za kaskazini zilikuwa zinatembea, na za juu zilitembea kuliko za chini.

Mukalay, nitamtendea haki, hakuuliza maswali ya Chama. Alisoma karatasi akashika simu mara moja. Sauti ya mkuu wa shimo ilisikika chumba kizima, maana kule chini watu huzungumza kwa kupiga makelele.

"Asubui mulisema ukuta iko nalala. Sasa munasema iko natembea. Mi nifate gani?"

"Ya sasa, citoyen. Kulikuwa makosa. Kulikuwa Kabeya babili."

"Kabeya gani? Mi huku niko na ba-Kabeya bengi. Ule anafanya nini?"

"Hapana mutu, citoyen. Ni jina mu mashine..."

"Mashine iko na jina?"

Tshimanga alimpokonya mkuu wake simu. Katika maisha yake yote hakuwahi kufanya jambo la namna hiyo.

"Tosha bantu! Tosha bantu sasa hivi! Ndugu yangu iko pale chini!"

Kisha sauti ile ikabadilika, ikawa ya upole, ule upole wa mkubwa aliyegundua ujanja.

"Ah. Njo ile. Citoyen, kila mutu iko na ndugu pale chini. Nitatuma mutu aende kuona."

Laiti Tshimanga angesema namba tu. Laiti angenyamaza akamwacha Mukalay aendelee na ujinga wake wa Kabeya wawili. Neno ndugu liligeuza hesabu kuwa upendeleo, na mkuu wa shimo alikuwa ameshasikia upendeleo mwingi katika kazi yake.

Tshimanga alitoka mbio bila koti, akadandia lori la kampuni lililokuwa linapeleka magogo ya mbao, akamsihi dereva kwa lugha zote alizojua. Walikuwa njiani waliposikia. Haukuwa mlipuko, milipuko walikwisha kuizoea. Ulikuwa mlio mrefu wa kitu kizito kinachoketi. Dereva akaondoa mguu kwenye mafuta bila kuambiwa.

Ukuta wa kaskazini ulikuwa umelala juu ya barabara ya chini, juu ya pelle, juu ya malori mawili. Wahenga wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Pale hapakubaki wa kujenga. Mtu aliyetumwa kwenda kuona alikuwa amesimama kwenye ukingo, mikono kichwani, mzima, akitapika. Walichimba mpaka siku zilizofuata, na Badibanga walimtoa akiwa bado ameketi mahali pake pa kazi, kama baba yake alivyokufa.

Wakubwa walikuja na makoti ya mvua. Walisema ni mvua. Tshimanga alingoja kuulizwa. Alikuwa amejiandaa, alijua atakavyosema, angesema ni mimi, wala Mwenze asiguswe. Hakuulizwa. Nani angeandika kwamba ukuta umeanguka kwa sababu ya amri ya majina ya mababu? Mukalay alipita meza kwa meza akasema kwa sauti ndogo kwamba kuanzia sasa vipande vitaitwa kwa namba, na hakumtazama mtu machoni.

Kilio cha Badibanga kilikuta matanga ya baba yake hayajaondolewa, wakaamua kuyamaliza yote pamoja. Ua ulijaa watu wa kambi. Mama yao, Mama Tshibola, aliketi chini juu ya mkeka na kitambaa cheusi kichwani, na hakulia kwa kelele tena, sauti ilikuwa imekwisha. Alizungumza tu, akiyumba, akirudia jambo lile lile.

"Kabeya ameenda. Badibanga ameenda kumufata. Na jina ya bwana wangu inapotea. Hakuna mutu aliyechukua jina ya bwana wangu. Atapita sawa mutu hakuzaa."

Mwenze alikuwa kwenye lango na kile kitambaa chini ya kwapa, kimefungwa katika gazeti. Tangu asubuhi alikuwa anasimama pale bila kuingia na bila kuondoka. Tshimanga alimwona na akaomba moyoni aondoke. Mama akarudia tena, hakuna mutu aliyechukua jina ya bwana wangu, na Mwenze akashindwa. Aliingia, akapiga magoti, akaweka kitambaa juu ya mkeka.

"Jina haikupotea, mama. Miye niliichukua. Niliitia mu kazi yangu, mu mashine, ku bureau."

Mama Tshibola aliacha kuyumba. Alimtazama kijana huyu ambaye mume wake alimlisha na kumchapa.

"Mu mashine ya bazungu? Jina ya Kabeya?"

"Ndiyo, mama."

"Eee, mutoto wangu!" Alimshika mashavu kwa mikono miwili, na kwa mara ya kwanza tangu msiba uso wake ulifunguka. "Muliona? Mutoto wa kulea!" Kisha akageuka. "Na weye, Tshimanga? Weye mutoto wa tumbo, ulimupa baba yako nini?"

Ua wote ulimgeukia. Tshimanga angeweza kusema sikumpa kitu. Aibu ingekuwa ndogo, na angekufa nayo.

"Mi vile vile, mama," alisema. "Niliitia vile vile."

"Babili!" Mama aliwageukia wanawake, akapiga makofi. "Babili, munasikia? Basi bwana wangu hajakufa. Badibanga angekuwa hapa, angefurahi sana."

Wanawake wakapiga vigelegele, vile vidogo vya msibani. Mama Tshibola aliwaita wote wawili wasogee awabariki. Mwenze aliinamisha kichwa kwanza, na mama akamchora msalaba kwenye paji la uso kwa kidole gumba. Kisha akamchora na Tshimanga, akawaambia wakae karibu naye, mmoja huku, mmoja huku, wakaketi hapo mpaka watu walipoanza kuagana.